C+ iliyomnyima uuguzi: kisa cha binti wa Faza na somo la Kemia

Binti ninayemweleza hapa alimaliza Kidato cha Nne katika shule moja ya kaunti ya Lamu na kupata C+. Kwao ni Faza, kisiwani Pate. Yeye na mamake waliniruhusu nieleze yaliyompata kwa sharti kwamba jina lake na la shule yake yasitajwe, na mambo mawili matatu ya kifamilia nimeyabadilisha ili asitambulike. Alama zake sikuzigusa, kwa sababu kisa chenyewe kimo ndani ya alama.

Matokeo yalikuwa haya: Kiswahili B+, Dini ya Kiislamu B, Kiingereza C+, Jiografia C+, Masomo ya Biashara C+, Biolojia C, Kemia D+, Hisabati D. Jumla pointi 49, kwa masomo saba yanayohesabiwa; Kemia haimo. C+ huanzia pointi 46 hadi 52, kwa hiyo hakuipata kwa kubahatisha. C+ ndiyo alama ya chini ya kujiunga na shahada nchini Kenya, na katika familia ile hakuna aliyewahi kuifikia. Nyumba ilijaa watu siku hiyo, wa kupongeza na wa kuomba dua.

Tangu Kidato cha Kwanza alikuwa na azma moja tu, uuguzi. Bibi yake alipougua, yeye ndiye aliyekuwa akikaa naye hospitalini, na huko alimwona muuguzi mmoja akimweleza bibi dawa zake taratibu, kwa Kibajuni, lahaja ya kwao, mpaka bibi akaelewa. Hospitali ilikuwa na dawa na vitanda kama hospitali nyingine, lakini kilichomkaa binti moyoni ni yule mtu aliyezungumza na bibi yake akaeleweka. Hakutamani udaktari. Hata shahada hakuwa ameifikiria. Alijua chuo cha mafunzo ya kimatibabu, KMTC, kina kampasi Lamu, na akajionea mwenyewe safari yote: diploma ya miaka mitatu, kisha kurudi visiwani kufanya kazi.

Mamake alinijia wiki chache baada ya matokeo. Alikuwa ameshika karatasi ya matokeo ndani ya bahasha ya plastiki, na swali lake lilikuwa moja: "Mwalimu, mwanangu kapasi. Mbona uuguzi wasema hafai?"

Jibu ni fupi na linauma. Diploma ya uuguzi KMTC inataka gredi ya wastani ya C, C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Biolojia, na angalau C- katika somo moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati. Binti alikuwa na wastani unaozidi, Kiswahili kinachozidi sana, na Biolojia iliyofika pale pale panapotakiwa. Fizikia hakuisoma, maana aliiacha alipoingia Kidato cha Tatu. Hisabati ilikuwa D. Ikabaki Kemia, nayo ni D+. Kati ya D+ na C- kuna hatua moja tu, pointi moja.

Hapo nilimwomba mama aniletee ripoti za shule zote alizozihifadhi. Alikuwa nazo zote, hata za Kidato cha Kwanza, na ripoti zile ndizo zilizonionyesha jambo ambalo karatasi ya matokeo peke yake isingelionyesha.

Mwisho wa Kidato cha Tatu binti huyu alikuwa na Kiswahili B-, Dini C+, Kiingereza C+, Jiografia C, Biashara C+, Biolojia C, Kemia C-, Hisabati D. Ukijumlisha kwa kanuni ya sasa ya baraza la mitihani unapata pointi 44, yaani C. Tazama vizuri. Kwa C ile ya Kidato cha Tatu alikuwa anatimiza kila sharti la diploma ya uuguzi: wastani C, Kiswahili juu ya C, Biolojia C, Kemia C-. Mwaka mmoja baadaye, baada ya kuamka alfajiri na kulala usiku wa manane, alikuwa na pointi tano zaidi na uuguzi umempotea.

Pointi tano hizo zilitoka wapi? Mbili ni za Kiswahili, kutoka B- hadi B+. Mbili ni za Dini, kutoka C+ hadi B. Moja ni ya Jiografia. Kemia nayo ilishuka hatua moja, kutoka C- hadi D+.

Nilimuuliza kwa nini Kemia ilishuka. Alinijibu bila kusita: "Mwalimu, tuliambiwa tushike masomo yanayotupa alama." Darasani kwao, mwanzoni mwa Kidato cha Nne, kila mwanafunzi aliandikiwa lengo la gredi ya wastani. Waliokuwa na C walikusanywa kundi moja, wakaambiwa wanahitaji kusukumwa kidogo tu wafike C+. Masomo ya ziada ya jioni yakapangwa kwa Kiswahili, Dini, Jiografia na Biashara, kwa kuwa huko ndiko alama hupanda upesi. Vipindi vya Kemia vya kawaida viliendelea, ila binti alikuwa ameshajua moyoni kwamba Kemia si mahali pa kutafutia alama. Mazoezi ya maabara, ya kupima asidi kwa tone na kuandika matokeo katika jedwali, alikuwa akiyafanya ili amalize tu.

Siwalaumu walimu wale, na nasema hivyo kwa dhati. Shule hupimwa kwa idadi ya wanafunzi waliopata C+ na zaidi. Wazazi huuliza idadi hiyo, wafadhili huuliza, na gazeti huiandika. Mwalimu anayefikisha watoto kumi wapya C+ amefanya kazi kubwa na anastahili kushukuriwa.

Tena kuna kanuni iliyoyafanya mambo yawe hivi, na wazazi wengi bado hawajaielewa. Kabla ya mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, wa 2023, wastani ulihesabiwa kwa Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili bora na masomo mengine mawili. Mwanafunzi kama huyu, mwenye Biolojia na Kemia peke yake upande wa sayansi, alikuwa anahesabiwa Kemia apende asipende. Kuanzia 2023 yanayohesabiwa ni Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano yaliyofanya vizuri. Mabadiliko hayo yaliwaokoa wanafunzi wengi waliokuwa wanavutwa chini na sayansi, na mimi niliyaunga mkono na bado nayaunga mkono. Lakini tazama alivyoathirika binti huyu. Masomo yake saba yaliyohesabiwa ni Hisabati, Kiswahili, Dini, Kiingereza, Jiografia, Biashara na Biolojia. Kemia haimo. Angepata B au E, C+ yake ingebaki C+ (B ingeongeza pointi, kweli, lakini hakuna aliyekuwa anaitarajia). Kwa upande wa shule, Kemia yake ilikuwa haina thamani. Kwa upande wake yeye, ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko zote.

Na hili ndilo ninalotaka mzazi na mwalimu wa Pwani walione katika kisa hiki. Gredi ya wastani inasema tu kama unaweza kuomba ngazi fulani: shahada kwa C+, diploma kwa C-, na cheti chini ya hapo. Kozi yenyewe inaulizia masomo. Uuguzi unaulizia Biolojia na sayansi nyingine moja. Uhandisi unaulizia Hisabati, Fizikia na Kemia. Ualimu wa sekondari unaulizia C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Mwanafunzi anayejua kozi anayoitaka anapaswa kujua pia somo lake la lazima ni lipi na linatakiwa alama gani, na somo hilo ndilo la kulindwa kwanza, kabla ya kutafuta pointi za kupandisha wastani. Kama binti angeambiwa mwezi wa pili wa Kidato cha Nne kwamba C- yake ya Kemia ni mali ya kulindwa, na kwamba saa moja ya jioni kwa wiki ihamishwe kutoka Dini kwenda Kemia, huenda angemaliza na pointi 47 au 48, bado C+, na uuguzi ungebaki mkononi mwake. Hakukuwa na haja ya kuchagua kati ya sifa ya shule na ndoto ya mtoto.

Familia ilikaa kikao. Ami yake, ambaye ni mtu wa bahari tangu ujana, alishikilia kwamba asome mambo ya meli. Bandari ya Lamu iko pale Kililana, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na vijana wa visiwani wamengoja sana kuona kazi zake. "Bandari iko mlangoni kwetu, kazi wapewe watu wa bara?" alisema. Uchungu wake naujua na nauheshimu. Lakini uhandisi wa meli ni Fizikia na Hisabati, na njia hiyo binti aliiacha mwisho wa Kidato cha Pili alipochagua masomo, akiwa na umri wa miaka 16, bila ya mtu hata mmoja kumweleza kuwa pale alikuwa akichagua kazi. Hilo la ami halikuhitaji mjadala mrefu.

Kabla ya kuja kwangu, binti alikuwa amekwenda saiba, duka la kompyuta na intaneti, mjini Amu, yaani mji wa Lamu. Kijana wa saiba alimfungulia ukurasa wa KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, akamwambia alipe shilingi 1,500 za maombi, kisha akamjazia yeye mwenyewe kozi za shahada ya sanaa katika vyuo vinne ambavyo binti hakuvijua hata viko miji gani. Hakuwa na nia mbaya; ndivyo anavyowafanyia wateja wote, maana foleni ni ndefu na wengi wao hawajui waseme nini. Ila kozi ya miaka minne ya maisha ya mtu haifai kuchaguliwa na anayeuza muda wa kompyuta. Kwa bahati dirisha la maombi lilikuwa halijafungwa, na chaguo zinaweza kubadilishwa.

Tukaanza upya, karatasi na kalamu kwanza, kompyuta baadaye. Niliandika masomo yake manane upande wa kushoto na pointi za kila moja. Kisha tukapita kozi moja moja, tukiuliza maswali mawili tu: je, anatimiza masharti ya masomo? Na je, alama zake za klasta zinakaribia kikomo cha mwaka uliopita, yaani alama ya chini iliyopata nafasi?

Maswali hayo mawili huchanganywa sana, na mfano mzuri ni sheria. Masharti ya shahada ya sheria ni wastani wa C+ na B katika Kiingereza au Kiswahili. Binti ana B+ ya Kiswahili, kwa hiyo kwa masharti anafaa, na binamu yake mmoja alishaanza kumwita wakili. Lakini kutimiza masharti ni kuruhusiwa kusimama kwenye foleni tu. Nafasi hutolewa kwa alama za klasta, ambazo kilele chake ni 48 na hukokotolewa kutokana na masomo manne yanayohusiana na kozi pamoja na jumla ya alama zote, na wanaoomba sheria katika vyuo vya umma wengi wao wana wastani unaozidi wake. Kuiweka sheria chaguo la kwanza kwa wastani wa C+ ni kutupa chaguo. Tuliifuta.

Kozi za biashara na uchumi zilianguka kwa Hisabati. Afya ya umma ikaanguka kwa Kemia, tena. Kila mara jina la Kemia lilipotokea alikuwa akitazama chini, na mara moja alilia. Sikumwambia asilie.

Zikabaki njia tatu za kweli. Ya kwanza ni kurudia Kidato cha Nne mwaka mzima na kuikabili Kemia upya. Kitaaluma ilikuwa njia nzuri, kwa sababu alishawahi kuipata C- na alihitaji kuirudia tu. Lakini karo ya mwaka mwingine haikuwepo, mdogo wake alikuwa shuleni, na mama alisema waziwazi kwamba hawezi. Mtu wa nje asiyelipa karo hana haki ya kulisukuma hilo. Ya pili ni shahada ya ustawi wa jamii, ambayo haikumtaka sayansi, na ambayo wahitimu wake wengine hufanya kazi hospitalini pamoja na wagonjwa na familia zao. Ya tatu ni ualimu wa sekondari, Kiswahili na Dini ya Kiislamu, masomo mawili ambayo yote alikuwa ameyapita C+ kwa mbali.

Alichagua mwenyewe. Nilitaka aweke ustawi wa jamii kwanza, kwa kuwa niliona ndiyo iliyo karibu zaidi na kile kilichomvutia hospitalini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, huko sijui nitaajiriwa na nani. Mwalimu wa Kiswahili najua anakaa wapi." Hoja hiyo ilinishinda. Ualimu, Chuo Kikuu cha Pwani, ukawa wa kwanza. Ustawi wa jamii ukafuata. Pwani iko Kilifi, na kwa mtu wa visiwa hilo si dogo: boti hadi Mokowe, halafu basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, unafika siku hiyo hiyo. Mama aliuliza juu ya hilo kabla hajauliza juu ya kozi.

Ufadhili nitaupitia kwa haraka ingawa ulitusumbua zaidi ya yote. Mfumo ulioanza 2023 unampanga mwanafunzi katika mojawapo ya makundi matano kulingana na uwezo wa familia, na anapata sehemu ya msaada, sehemu ya mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na sehemu familia inalipa. Mfumo unaamini ulichokijaza. Jina la babake kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti liliandikwa kwa tahajia tofauti na lile la kitambulisho cha babake, jambo la kawaida sana kwa majina yetu, na kulinyoosha kulichukua safari za ofisi ambazo zingeweza kufanywa akiwa Kidato cha Tatu. Mzazi mwenye mtoto sekondari na atazame hati hizo mbili leo.

Alipata nafasi ya ualimu, Kiswahili na Dini. Basari ya eneobunge ilisaidia nauli na godoro. Atakuwa mwalimu mzuri, sina shaka na hilo, na sitadai kwamba ni sawa na kile alichokitaka.

Wakati wa Kidato cha Tano na cha Sita, mfumo uliokwisha Kenya mwaka 1989, mwanafunzi alikuwa na miaka miwili ya masomo machache aliyoyachagua kwa kujua yanakompeleka. Majirani zetu wa Tanzania bado wanao: mtoto anayesoma PCB anajua, na mamake anajua, kwamba yumo njia ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Kwetu 8-4-4, mfumo uliochukua nafasi yake, iliuficha uamuzi huo ndani ya fomu ya kuchagua masomo ya Kidato cha Tatu, inayojazwa kwa dakika chache darasani. Siku ya taaluma nayo shule nyingi huifanya muhula wa pili wa Kidato cha Nne, wageni wakaja na makoti yao mazuri, wakaeleza kazi ambazo nusu ya waliokaa mbele yao hawawezi tena kuzifikia. Ile siku ihamishwe ifanyike Kidato cha Pili, na kila mtoto atoke nayo na majina ya masomo mawili asiyoruhusiwa kuyaacha yashuke. KCSE ya mwisho ni ya 2027, kwa hiyo wapo bado watoto wa kusaidiwa hivyo.

Mdogo wake hatafanya KCSE. Yeye yuko Gredi ya Tisa, na anaingia shule ya upili ya juu kwa mtaala mpya, ambao darasa lake la kwanza la Gredi ya Kumi ni la Januari 2026. Huko uamuzi umevutwa mbele zaidi: akiwa na miaka 14 au 15 mtoto anachagua njia moja kati ya tatu, ya sayansi na teknolojia, ya sayansi ya jamii, au ya sanaa na michezo, na ndani yake masomo matatu. Mama amekuja tena, safari hii pamoja na ami. Kijana anataka mitambo ya meli; ami hakuweza kuficha furaha yake. Tumeandika Fizikia ya kwanza na Hisabati pembeni yake, na sasa tunaulizia, shule kwa shule, visiwani na bara, ni ipi yenye maabara inayotumika na mwalimu wa Fizikia aliyeajiriwa, kabla ya mtu yeyote kututajia shule yenye jina.